Ushindi Haufundishi: Prakash Padukone na Kazi ya Mwalimu

Miongoni mwa imani zilizotia mizizi katika vyuo vyetu vya ualimu ipo moja ambayo ni nadra kuhojiwa, nayo ni kwamba ajuaye jambo vizuri kuliko wengine ndiye afaaye kulifundisha kuliko wengine. Kwa imani hiyo, mwanachuo aliyepata alama za juu katika hisabati hupewa hisabati afundishe, na yule akimbiaye kuliko wenzake hukabidhiwa somo la michezo, kana kwamba ujuzi ni maji ya mtungi uliojaa, ambayo huvijaza vikombe vilivyo karibu bila mtu yeyote kuuinamisha mtungi huo. Kwa upande mwingine wapo watu, na baadhi yao ni walimu wenzetu, wasemao kwa dhihaka kwamba ualimu ni kimbilio la mtu aliyekosa kazi nyingine ya kufanya. Kauli hizi mbili zaonekana kupingana, lakini kwa hakika zina mzizi mmoja: zote mbili hazikubali kwamba kufundisha ni ujuzi unaosimama peke yake, wenye taabu zake na kanuni zake.

Katika makala hii nakusudia kuzipima kauli hizo kwa mfano wa mtu mmoja, Bwana Prakash Padukone wa India, bingwa wa mpira wa vinyoya. Nimechagua mfano wa michezo kwa makusudi. Darasani matokeo ya kazi ya mwalimu huchelewa kuonekana, na yanapoonekana huwa yamechanganyika na mengine mengi. Uwanjani mambo ni bayana zaidi: kinyoya kimeanguka ndani ya mstari au nje, na mtu ameshinda au ameshindwa mbele ya macho ya watu. Tena Padukone amezifanya kazi zote mbili, ya kutenda na ya kufundisha, na kati ya kazi hizo upo muda wa kutosha kutuwezesha kuona kila moja ilizaa nini.

Ukumbi wa harusi

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, yatosha kusema kwamba wachezaji husimama pande mbili za wavu, kila mmoja akiwa na raketi nyepesi, wakapigiana kinyoya, yaani kizibo kidogo kilichopachikwa manyoya, ambacho hakitakiwi kugusa chini. Kinyoya kikipigwa kwa nguvu huondoka kwa kasi kubwa, lakini manyoya yake hukipunguza mwendo upesi. Kwa sababu hiyo mchezo hudai mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi katika mkono mmoja: nguvu na ulaini.

Padukone alizaliwa tarehe 10 Juni, 1955, katika mji wa Bangalore, ambao sasa huitwa Bengaluru. Baba yake, Ramesh Padukone, alikuwa katibu wa chama cha mchezo huo cha Mysore kwa miaka mingi, naye ndiye aliyemwingiza mwanawe mchezoni. Viwanja vya kisasa havikuwapo. Watoto walichezea katika ukumbi wa harusi uliokuwa karibu na nyumbani. Padukone mwenyewe amepata kueleza kwamba kila siku walikuwa wakingoja kujua kama ukumbini kuna harusi. Isipokuwapo, walikwenda mbio baada ya masomo wakacheza hadi kutosheka.

Yumkini wasomaji wengi watapenda kuishia hapo na kuhitimisha kwamba vifaa si kitu, bidii ndiyo yote. Mimi sikubaliani na hitimisho hilo, na nadhani limetudhuru. Ukumbi ule haukumfundisha mtu. Ulikuwa na nafasi ya kuchezea, na alikuwapo mtu mzima aliyeujua mchezo, aliyemwangalia mtoto na kumfuatilia mwaka baada ya mwaka. Ikumbukwe pia kwamba Padukone alipopata uwezo baadaye, hakuwatafutia vijana ukumbi wa harusi, aliwatafutia viwanja. Aliyeonja uhaba huwa hausifu kama wanavyousifu waliousikia tu.

Jambo la pili katika utoto wake lahusu jicho la mwalimu. Wahenga walisema nyota njema huonekana alfajiri, nasi walimu tumeipenda sana methali hiyo, hata wakati mwingine tunaitumia kuwahukumu watoto katika wiki ya kwanza ya muhula. Mwaka 1962, Padukone alipoingia katika mashindano yake ya kwanza ya vijana wa jimbo, alitolewa katika raundi ya kwanza. Miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa vijana wa jimbo hilohilo. Laiti siku ile ya kwanza angalipimwa na mtu atafutaye vipaji vilivyokwisha kuiva, angalirudishwa nyumbani, na hakuna ambaye angalijua kilichopotea.

Mwaka 1971, akiwa bado na umri wa kucheza na vijana, alitwaa ubingwa wa taifa wa vijana pamoja na ule wa wakubwa. Ubingwa wa wakubwa hakuuachia tena hadi alipoushika mara tisa mfululizo, kuanzia 1971 hadi 1979. Mcheza kwao hutunzwa, naye alitunzwa: mwaka 1972 serikali ya India ilimpa Tuzo ya Arjuna, ambayo hutolewa kwa wanamichezo bora. Hata hivyo, kushinda nyumbani mara tisa ni hatari pia. Mtu asiyeshindwa hukosa mwalimu. Ndiyo maana katika miaka hiyo ya 1970 Padukone alikwenda kufanya mazoezi Indonesia, nchi ya Rudy Hartono, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa All England mara nane kati ya 1968 na 1976, na ya kijana Liem Swie King, aliyeutwaa mwaka 1978 na 1979. Bingwa wa taifa kubwa kama India alikubali kuwa mwanafunzi katika nchi ya watu wengine. Mwaka 1978 akapata nishani ya dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edmonton, Kanada.

Machi 1980

Mashindano ya All England yalikuwa wakati huo ndiyo makubwa kuliko yote katika mchezo huu, na hakuna Mhindi aliyekuwa amepata kuyashinda. Mwaka 1980 Padukone alishinda mashindano ya wazi ya Denmark, akashinda ya Uswidi, kisha akaenda Wembley, London, kwa mashindano hayo ya All England. Katika fainali alikutana na Liem Swie King, bingwa mtetezi, mtu aliyeogopwa kwa mapigo yake ya kuruka hewani na kukishindilia kinyoya chini kama anayepigilia msumari.

Kwa mwalimu yeyote, namna Padukone alivyocheza siku ile inastahili kufikiriwa. Hakujaribu kushindana na King kwa nguvu. Aliunyima mchezo kasi. Alikidondosha kinyoya karibu na wavu, akakirudisha nyuma kabisa ya uwanja, akachelewesha mkono wake hadi dakika ya mwisho ili mpinzani asijue kinakwenda wapi. Kwa kanuni za wakati huo, aliyeanzisha mpira ndiye peke yake aliyeweza kupata pointi. Kanuni hiyo, iliyobadilishwa mwaka 2006, iliutunza uvumilivu, kwani mtu aliweza kumchosha mwenzake bila kupoteza kitu. King, ambaye nguvu zake zilihitaji kinyoya cha juu chenye mwendo, hakuletewa kinyoya cha namna hiyo. Matokeo yakawa 15–3 na 15–10. Padukone akawa Mhindi wa kwanza kushika ubingwa huo, na mwaka huohuo akahesabiwa kuwa namba moja duniani.

Huo ndio utendaji uliofikia kilele chake. Baada ya hapo aliishi na kufanya mazoezi Copenhagen, Denmark, kwa miaka kadhaa. Mwaka 1981 alishinda Kombe la Dunia mjini Kuala Lumpur kwa kumshinda Han Jian wa China, na mwaka 1983 akapata nishani ya shaba katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Mwaka 1982 serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri. Mwaka 1991 alistaafu kucheza.

Miaka ishirini na moja

Sasa nauliza swali ambalo ndilo kiini cha makala hii. Ushindi ule wa Machi 1980 ulifundisha nini? Ikiwa ni kweli kwamba ajuaye hufundisha kwa kujua kwake tu, basi taifa lenye mamia ya mamilioni ya watu, lililomwona mwanawe akiwashinda mabingwa wote wa dunia, lingetazamiwa kutoa bingwa mwingine baada ya miaka mitano, au tuseme kumi. Haikuwa hivyo. Mhindi wa pili kushinda All England alipatikana mwaka 2001. Ilipita miaka ishirini na moja kamili.

Sisemi kwamba ushindi ule haukuwa na faida. Bila shaka wapo watoto walioshika raketi kwa mara ya kwanza kwa sababu ya habari ile, na wazazi walioona kwamba mchezo huo si upuuzi. Kutamanisha ni sehemu ya kufundisha, na mwalimu asiyeweza kumtamanisha mtoto hana pa kuanzia. Lakini tamaa humfikisha mtoto mlangoni tu. Akishaingia anahitaji mtu wa kumwambia mguu auweke wapi.

Zaidi ya hayo, ujuzi wa bingwa una tabia ya kujificha. Mtazamaji wa fainali ile aliuona mkono, hakuona miguu. Aliuona ulaini, hakuona maelfu ya saa zilizouzaa. Aigaye kwa kutazama huiga kile kinachong'aa, na aghalabu kinachong'aa ndicho cha mwisho kupatikana. Hata bingwa mwenyewe si lazima ajue anafanya nini. Mkono wake umekwisha kuyazoea mambo hata hauyafikirii tena. Akiulizwa na mtoto, «Ulijuaje kwamba angesogea kushoto?» huenda jibu lake la kweli likawa, «Niliona tu.» Jibu hilo halimfai mtoto hata kidogo. Mwalimu wa hisabati asemaye «si unaona?» mbele ya darasa lisiloona yumo katika hali hiyohiyo. Anajua, wala hawezi kurudi nyuma hadi mahali alipokuwa kabla ya kujua.

Kuinamisha mtungi

Padukone alikuwa kocha wa timu ya taifa kuanzia 1993 hadi 1996. Mwaka 1994 yeye na mchezaji mwenzake Vimal Kumar, pamoja na Vivek Kumar, walianzisha chuo cha mpira wa vinyoya mjini Bangalore. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, kazi yake kubwa ilipoanza, ingawa magazeti hayakuishangilia kama yalivyoishangilia Wembley. Chuo hicho kilileta mambo ambayo ushindi haukuweza kuyaleta: mazoezi ya kila siku, walimu wasioondoka mashindano yakiisha, na vijana wanaokua pamoja wakipimana wao kwa wao. Mwaka 2001 yeye na Geet Sethi, bingwa wa mchezo wa biliadi, walianzisha pia mfuko wa kuwasaidia wanamichezo wa India kupata walimu, matibabu na vifaa vya kujiandalia Olimpiki.

Mmoja wa vijana waliopita mikononi mwa Padukone ni Pullela Gopichand, aliyezaliwa mwaka 1973. Haki itendeke: Padukone hakumwanzisha. S. M. Arif wa Hyderabad ndiye aliyemlea tangu utotoni, na wapo wengine waliochangia. Mkono mmoja haulei mwana, wala mwalimu mmoja hamlei bingwa. Mwaka 1994 Gopichand aliumia vibaya kano za goti akiwa mchezoni, akapasuliwa, na wengi wangeona kwamba safari yake imekwisha. Mwaka 2001 akashinda All England. Katika nusu fainali alimshinda Peter Gade wa Denmark, na katika fainali akamshinda Chen Hong wa China kwa 15–12 na 15–6.

Lakini kilichonivutia si kwamba mwanafunzi alishinda kombe la mwalimu wake. Kilichonivutia ni kwamba hakulishinda kwa mchezo wa mwalimu wake. Gopichand alikuwa mchezaji wa kushambulia, mwepesi wa kuukimbilia wavu na kumnyima mpinzani nafasi ya kupumua. Padukone alishinda kwa kupoza mchezo, Gopichand kwa kuuchochea. Mwalimu aliyekusudia kujinakili mwenyewe angalimharibu kijana huyu. Tunapowatazama wanachuo wetu wakifundisha, mara nyingi tunajikuta tunawasahihisha kwa kila wanalofanya tofauti na sisi, tukadhani tunasahihisha makosa. Yafaa tujiulize kila mara: je, hili ni kosa, au ni mtu mwingine tu?

Gopichand naye alifuata njia hiyohiyo ya kufundisha, tena kwa gharama kubwa. Serikali ya jimbo la Andhra Pradesh ilimpa ardhi mwaka 2003. Fedha za kujenga zilipopungua aliiweka nyumba yake rehani, na mwaka 2008 chuo chake kikafunguliwa mjini Hyderabad. Wanafunzi wake wanajulikana. Saina Nehwal alipata nishani ya shaba katika Olimpiki ya London mwaka 2012. P. V. Sindhu alipata ya fedha mjini Rio de Janeiro mwaka 2016, akawa bingwa wa dunia mwaka 2019 mjini Basel, na akapata ya shaba katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Kidambi Srikanth alikuja kwake akicheza zaidi mchezo wa wawili wawili. Gopichand akaona kingine ndani yake, akamhamishia mchezo wa mmoja mmoja. Mwezi wa Aprili 2018, Srikanth alikuwa namba moja duniani.

Juu ya Sindhu kipo kisa ambacho mwalimu na mwanafunzi wote wawili wamekisimulia. Msichana huyo alikuwa mrefu, hodari, lakini mpole mno uwanjani. Gopichand alimsimamisha katikati ya uwanja mbele ya wenzake, akamwambia apige kelele, na kwamba hatashika raketi mpaka apige. Msichana alilia kwanza. Mwishowe akapiga kelele. Wapo watakaoona ukatili katika jambo hilo, na mimi nisingependa kuona mkufunzi akilifanya kwa kila mtoto, kwani yupo mtoto ambaye lingemfunga mdomo daima. Hata hivyo tazama alichokigundua mwalimu huyu. Kasoro haikuwa mkononi wala miguuni. Angeweza kumwongezea msichana yule mazoezi ya mapigo kwa miaka mitatu mingine asiifikie kasoro yenyewe. Kugundua kilichopungua ni nusu ya kazi ya mwalimu, na hakuna kitabu cha mbinu kinachoweza kumgundulia.

Lipo na jambo la Saina Nehwal. Mwaka 2014 aliondoka Hyderabad akaenda Bangalore kufundishwa na Vimal Kumar. Mwaka 2015 akawa namba moja duniani. Mwaka 2017 akarudi kwa Gopichand. Watu walisema mengi. Mimi naona somo moja tu: mwanafunzi si mali ya mwalimu, na mwalimu aliyekomaa huacha mlango wazi wa kutokea na wa kurudia.

Tarehe 15 Mei, 2022, mjini Bangkok, timu ya wanaume ya India ilishinda Kombe la Thomas kwa mara ya kwanza katika historia, ikaifunga 3–0 Indonesia, iliyokuwa imelitwaa kombe hilo mara kumi na nne. Mchezo wa kwanza ulishindwa na Lakshya Sen, aliyekulia katika chuo cha Padukone. Wa tatu ulishindwa na Srikanth, mwanafunzi wa mwanafunzi wa Padukone. Indonesia ni nchi ileile ambako bingwa wa mara tisa wa India alikuwa amekwenda kujifunza.

Walimu wanaposhindwa

Itakuwa si haki nikiishia katika ushindi. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Padukone alikaa kando ya uwanja kama mwalimu wa Lakshya Sen. Kijana huyo alifika nusu fainali, akashindwa. Katika mchezo wa kugombea nishani ya shaba alishinda seti ya kwanza 21–13 dhidi ya Lee Zii Jia wa Malaysia, kisha akapoteza mbili zilizofuata, 16–21 na 11–21. India ikarudi bila nishani ya mchezo huu kwa mara ya kwanza tangu 2008. Padukone alisema hadharani kwamba serikali na vyama vimekwisha kufanya sehemu yao, na sasa wachezaji hawana budi kuubeba wajibu wao. Wengine walimuunga mkono. Wengine walimlaumu kwamba amewatupia vijana mzigo wote.

Nadhani kila mkufunzi ameyasikia maneno ya namna hiyo katika chumba cha walimu baada ya matokeo ya mitihani kutangazwa: sisi tumefundisha, wao ndio walioshindwa. Yana ukweli ndani yake. Hakuna awezaye kujifunza kwa niaba ya mwingine, na kijana asiyeambiwa hivyo anadanganywa. Lakini ni ukweli nusu. Mwanafunzi anaposhinda tunasimama katika picha pamoja naye. Anaposhindwa hatuna ruhusa ya kutoka katika picha hiyo. Mtu akikubali kwamba ualimu wake ulichangia nishani, akubali pia kwamba ulichangia kukosekana kwake, kisha aende kutafuta ni wapi. Padukone ana heshima yangu yote, na kwa hilo ninatofautiana naye.

Yatupasayo

Ni nini basi kinachotuhusu sisi tulio katika vyuo vya ualimu? Kwa maoni yangu ni mambo manne.

La kwanza, tuache kudhani kwamba alama za juu katika somo ni dalili ya kuweza kulifundisha. Ni sharti la lazima, maana asiyejua hana cha kutoa, lakini halitoshi. Mwanachuo aliye hodari katika somo lake apewe kazi maalum ya kulichambua jambo ambalo kwake ni rahisi mno, alivunje hatua kwa hatua mpaka mtoto wa darasa la tatu alifuate. Kazi hiyo humwia ngumu kuliko mtihani wowote aliopata kufaulu, na ni vizuri aigundue ugumu wake angali chuoni.

La pili, sisi wakufunzi tuonekane tukifundisha. Vijana wa Bangalore walimwona Padukone uwanjani, raketi mkononi. Ni wangapi kati yetu ambao wanachuo wametuona tukifundisha watoto wa shule ya msingi, walio wengi darasani, wenye njaa ya saa sita mchana? Tukiwasomea mbinu za kufundishia kwa njia ya mhadhara wa saa mbili, tunawafundisha mbinu moja tu, nayo ni ya mhadhara.

La tatu, tupime kazi yetu kwa wanafunzi wa wanafunzi wetu. Matokeo ya mitihani ya wanachuo hutuambia walivyofaulu mtihani. Hayatuambii kama watoto wanaofundishwa nao wanasoma na kuhesabu. Ingefaa kila idara ya chuo ijiwekee desturi ya kuwatembelea baadhi ya wahitimu wake miaka miwili au mitatu baada ya kuondoka, si kwa ukaguzi bali kwa kujikagua sisi wenyewe. Kazi ya mwalimu wa walimu huchelewa kuonekana. Lakini kuchelewa si sababu ya kutoitazama.

La nne, tusiwageuze wanachuo kuwa vivuli vyetu. Yupo afundishaye kwa utulivu na yupo afundishaye kwa moto, na watoto huwahitaji wote wawili. Kazi yetu ni kumsaidia kila mmoja agundue namna yake, kisha kumdai aifanye kwa ukamilifu. Jambo hilo la mwisho lisisahauliwe, kwani uhuru bila ukamilifu ni uvivu uliopewa jina zuri.

Narudi katika zile kauli mbili nilizozitaja mwanzoni. Yule asemaye ajuaye hufundisha, ajibiwe kwa miaka ishirini na moja iliyopita kati ya Padukone na Gopichand. Yule asemaye ualimu ni kimbilio la walioshindwa, ajibiwe kwa watu hawa wawili ambao hawakuwa wameshindwa kitu, waliokuwa na uwezo wa kuishi kwa sifa zao, na ambao walichagua kuamka mapema kuwahesabia watoto hatua za miguu. Utendaji wao ulizipa nchi yao furaha ya majira mawili, mwaka 1980 na mwaka 2001. Vijana waliowafundisha wamekuwa wakirudi na nishani kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Naomba wakufunzi wenzangu, hasa walio katika idara za michezo, walijadili jambo hili vyuoni mwao, na wenye maoni tofauti wasisite kuyaleta katika kurasa hizi.